Kibali Kiko Wapi?

Haya ni maneno niliyoyasema Arusha mbele ya wenyeviti wa vijiji, malaigwanani (viongozi wa jadi wa Kimaasai), walimu na waongoza watalii. Waliokosa kufika wameniomba niyaweke kwa maandishi, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Waheshimiwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, wazee wangu malaigwanani, walimu, ndugu zangu waongoza watalii, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: walio wakubwa wangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Nilipoingia nilimsikia mtu akisema, "Mzee wa mambo ya kale mbona kaja mikono mitupu?" Ni kweli, nimekuja mikono mitupu. Mlitarajia fuvu, au jiwe la kale, lipite mkono kwa mkono mlione. Sikuja nalo kwa sababu vitu hivyo vina mahali pake, na mimi sina kibali cha kuvitoa. Nimefanya kazi ya uhifadhi miaka 31, sasa ni mstaafu, na bado sina kibali hicho. Zamani niliwahi kuchukua kitu kimoja bila kibali, na habari yake nitawaambia kabla sijakaa chini.

Leo nimewabebea swali moja tu. Nataka kila mmoja aondoke nalo kama anavyoondoka na fimbo yake: kibali kiko wapi? Akija mtu na jembe katika magofu, muulize. Akija na gari jeupe na kofia ya jua, muulize. Akija na mganga usiku, muulize. Kibali kiko wapi?

Mtu ataniambia, "Mzee, hizo si ni karatasi tu za ofisini?" Basi tuanzie hapo.

Nani kati yenu amewahi kuona mkeka ukifumuliwa? Mama zangu wanajua. Ukitaka kujua mkeka wa bibi ulisukwaje, itabidi uufumue, ukili mmoja baada ya mwingine. Ukimaliza utajua siri yake, lakini mkeka haupo tena. Kama hukuandika ukili gani ulipita juu na upi ulipita chini, umekosa mkeka na umekosa siri pia. Uchimbaji wa akiolojia ni hivyo hivyo. Tabaka la udongo ukishalitoa, hata Mungu akupe miaka mia, hutalirudisha lilivyokuwa. Ndiyo maana wachimbaji wa kweli wanagawa ardhi kwa kamba katika miraba, wanashuka kwa mwiko na brashi, sentimita kwa sentimita, wanachekecha udongo wote, na kila kipande kinapewa namba, mraba wake na kina chake. Mkiwaona mnadhani wanacheza. Wanafumua mkeka huku wanaandika.

Niwape kisa cha karibu na hapa. Mwaka 1913 Mjerumani Hans Reck, mtaalamu wa miamba, alifika bonde la Oldupai. (Wazee wangu mnajua jina lenyewe ni Oldupai, mkonge-pori unaoota mle bondeni; wageni wakasikia Olduvai, wakaandika hivyo, nasi tukaibeba.) Humo akakuta mifupa ya mtu mzima, amejikunja, ndani ya tabaka la zamani sana. Reck akasema: mtu huyu ni wa umri wa tabaka hili. Wengine wakasema: hapana, huyu alizikwa baadaye, watu walichimba kaburi, wakamshusha hadi kwenye tabaka la kale. Nani mkweli?

Wazee, ubishi ule ulichukua miaka 20. Mwaka 1931 Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya watu wa kale, alikwenda Oldupai pamoja na Reck mwenyewe, na kwanza akakubaliana naye. Baadaye udongo ulioshikana na mifupa ukapimwa, wakakuta umechanganyika na chembe za matabaka ya juu. Basi kumbe lilikuwa kaburi. Mtu wa karibuni, kama mimi na wewe, kalala katika udongo wa kale. Na jibu hilo lilitoka wapi? Halikutoka kwenye mfupa. Lilitoka kwenye udongo, ule ule ambao mchimbaji asiye na elimu anautupa pembeni kama kifusi. Fuvu limebaki München, Ujerumani, na sehemu kubwa ya mifupa mingine ilipotea wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwenzetu yule alizikwa na ndugu zake Oldupai, leo hata mifupa yake haiko pamoja.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ni pagumu. Mtu anaweza kuniuliza: je, wakati ule hapakuwa na serikali? Ilikuwepo. Hapakuwa na ruhusa? Ilikuwepo! Kabla ya kufika Oldupai, Reck alikuwa Tendaguru, mkoani Lindi. Pale, kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dainosaria, wale wanyama wakubwa wa kale. Wenyeji wetu ndio waliochimba, ndio waliofunga, ndio waliobeba mizigo kichwani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi wa kweli, mtu aliyejua mfupa unatolewaje mwambani bila kuvunjika. Baada ya karibu miaka 100, mwaka 2007, dainosaria mmoja wa Tendaguru akapewa jina lake. Na dainosaria mwingine, yule mkubwa kuliko wote wa Tendaguru, amesimama Berlin, urefu wa mita 13 kwenda juu, watoto wa kule wanapelekwa na shule zao kumtazama. Watoto wa Lindi wanamwona wapi? Kwenye picha.

Kwa hiyo nikisema kibali, sisemi karatasi yoyote yenye mhuri. Ruhusa ya wakati ule ilitolewa na mtawala kwa wenzake, mwenye ardhi hakuulizwa, na mifupa ikaenda kwa mtoa ruhusa. Kwa hiyo swali letu lina kipande cha pili: kibali cha nani, na vitu vitalala wapi? Wachimbaji wa Kijerumani walipita pia ziwa Eyasi miaka ya 1930, wakachimba pango la Mumba, na mkusanyiko wao ukaenda Tübingen, Ujerumani. Popote wageni walipochimba enzi za ukoloni, vitu vilisafiri.

Tumepata uhuru, na mwaka 1964 tukatunga Sheria ya Mambo ya Kale. Ilifanyiwa marekebisho mwaka 1979. Kulikuwa na sheria ya Waingereza ya mwaka 1937 ya kulinda majengo ya kale, lakini hii ya 1964 ndiyo tuliyoitunga wenyewe. Sitawasomea vifungu, nitasema mambo mawili. La kwanza: kitu cha kubebeka kilichotengenezwa na mtu kabla ya mwaka 1863 ni kikale, na jengo la kabla ya mwaka huo ni kumbukumbu; visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, navyo vimo, na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940 ina ulinzi wake. La pili: hakuna mtu, awe mgeni au mwenyeji, awe profesa au mkulima, anayeruhusiwa kuchimba kutafuta vitu hivyo bila kibali cha serikali. Na kibali cha kuchimba si kibali cha kusafirisha nje ya nchi. Hicho ni kingine kabisa. Waongoza watalii, hapo mnisikilize vizuri, kwa sababu ninyi ndio mnaoona mabegi ya wageni yakifungwa. Mgeni akiokota jiwe la kale akasema "ni ukumbusho tu," mwambie kwa adabu alirudishe palepale alipoliokota. Asilirudishe hatua 20 mbele. Palepale.

Kibali chenyewe kinapatikanaje? Mtafiti anaanza kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia kupata kibali cha utafiti. Halafu anakwenda Idara ya Mambo ya Kale kupata kibali cha kuchimba. Kama ni ndani ya Ngorongoro, Mamlaka ya Hifadhi nayo ina neno lake. Halafu anashuka na barua ya utambulisho mkoani, wilayani, hadi kwako mwenyekiti wa kijiji. Wewe ndiye wa mwisho kwenye msururu huo, na kwa kuwa ni wa mwisho, watu wamekuzoesha kuona barua yako ni ya kupokea na kuweka kwenye faili. Hapana! Isome. Soma jina la mtu. Soma jina la mahali, maana kibali cha Laetoli hakimruhusu mtu kuchimba Engaruka. Soma tarehe, maana kibali kina mwisho. Uliza afisa wa mambo ya kale atakayeongozana nao ni nani. Ukikuta hata kimoja kimekosekana, piga simu wilayani kwa afisa utamaduni kabla jembe halijagusa ardhi.

Na ofisi inapompa mtu kibali, inamtazama nini? Inatazama kama ana elimu ya kazi hiyo, kama kuna taasisi inayosimama nyuma yake, kama ana fedha za kumaliza na siyo za kuanza tu, vitu vitahifadhiwa wapi, na ripoti italetwa lini. Hilo la fedha za kumaliza watu hulipuuza. Ngojeni niwaambie kwa nini lina uzito.

Mwaka 1978, Laetoli, ndani ya Ngorongoro, kundi la mtafiti Mary Leakey lilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi, nyayo zipatazo 70, katika njia ya mita 27, juu ya majivu ya volkano ya miaka milioni 3.66. Hebu fikirini. Mvua ya rasharasha imelowesha majivu, wakapita, yakakauka, yakafunikwa na majivu mengine. Mwaka 1979 nyayo zile zikafukiwa ili zisiliwe na jua na mvua. Uamuzi ulikuwa mzuri. Lakini udongo wa kufukia ulikuwa na mbegu za migunga, na mbegu zikaota. Hakuna aliyekuwa akipita kung'oa. Mgunga unapokua hauulizi chini kuna nini. Unashusha mizizi tu. Ilibidi mwaka 1995 na 1996 wataalamu wa Idara yetu, pamoja na taasisi ya Getty ya Marekani, wazifukue tena, wakate mizizi kwa uangalifu, wazifukie upya kwa mchanga uliochekechwa, vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, na mawe ya volkano juu. Na mwaka huo wa 1996 wazee wa Kimaasai waliitwa, oloiboni, kiongozi wao wa ibada, akaja, kondoo akachinjwa, mahali pakabarikiwa, wenyeji wakakabidhiwa kwa macho na kwa moyo kitu wanacholinda. Kwangu mimi baraka ile ilikuwa kibali pia. Haikupigwa mhuri, lakini nadhani ililinda nyayo kuliko uzio wowote.

Tena pale pale Laetoli, karibu mita 150 kutoka nyayo za kwanza, palipangwa kujengwa makumbusho. Kabla ya kujenga, ardhi ikakaguliwa kwa mashimo ya majaribio ya mita 2 kwa 2. Waliosimamia ni Watanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, wakishirikiana na wenzao wa Italia. Wakakuta nyayo nyingine, za viumbe wawili, mmoja kimo chake kikakadiriwa sentimita 165. Dunia ikatangaziwa Desemba 2016. Sasa niulizeni: kama greda lingeingia kwanza, tungejua? Zege lingemwagwa juu ya nyayo za miaka milioni 3.66, na jengo lingezinduliwa kwa ngoma. Tangu mwaka 2004 tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira inayotaka mradi mkubwa upimwe athari zake kabla. Wenyeviti, barabara ikija, bwawa likija, machimbo ya kokoto yakija, ulizeni kama aliyepima mazingira alitazama na malikale, yaani vitu na mahali pa kale.

Nigeukie jambo linaloniumiza zaidi, na nitasema waziwazi maana wengine wenu mnalijua kuliko mimi. Mali ya Mjerumani, ile hazina inayosemwa kuwa Wajerumani waliizika ardhini.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa upande wa Ugweno, kwenye milima ya Upare. Ule ni upande ambao ukoo wa Washana uliyeyusha na kufua chuma tangu zamani. Majembe na mikuki yao ilifika hadi kwa Wachagga. Wanaume watatu walikuja kwa mwenye shamba na ditekta, kile chombo cha kutafuta chuma ardhini, na mganga. Wakamwambia kuna bikoni, alama ya wapima ardhi, ya Mjerumani hapo juu, na chini yake yamezikwa masanduku ya rupia, fedha za enzi zile. Wakachimba usiku, siku nne. Nilipofika nilikuta shimo la kina cha watu wawili, migomba imelala, na kando yake rundo la udongo mweusi. Nikapiga magoti nikaanza kupekua. Mavi ya chuma, yale mabaki ya kuyeyusha chuma. Vipande vya mirija ya udongo ya kupulizia moto. Ukuta wa tanuri uliopondwapondwa. Ditekta ililia, ni kweli, ililia kwa sababu ya chuma cha babu zake mwenye shamba.

Walipata rupia ngapi? Hawakupata hata moja. Na tanuri lile lilikuwa na umri gani? Lilitumia mkaa wa mti gani? Mirija ilikaaje, mingapi? Mkaa ule ungetuambia mwaka. Sasa umechanganyika wote, wa juu na wa chini, hauwezi kusema lolote. Mzee mwenye shamba alisimama kimya, kofia mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, haiwezekani kurudishia?" Nilishindwa kumjibu. Kule Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani ambayo dunia nzima iliitambua mwaka 2006 kuwa urithi wake, nako wapo waliochimba chini ya michoro kwa ndoto hiyo hiyo ya dhahabu ya Mjerumani. Vijana wangu mliosimama nyuma, nawasihi. Mjerumani aliondoka na vingi, nanyi msimalizie vilivyobaki kwa kumtafuta yeye ardhini.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Nyumba ya vibali ina kasoro zake. Nimewahi kukaa miezi saba nikisubiri saini moja, na msimu wa kiangazi ukapita. Nimewaona wanafunzi wetu wakikata tamaa wakati mgeni mwenye fedha anasubiri hotelini. Na lipo kosa kubwa zaidi: vijiji vingapi hapa vimewahi kuletewa ripoti? Nyosheni mikono. ... Mnaona. Mkono mmoja, katika ukumbi huu wote. Watu wamechimba, wameandika kwa Kiingereza, wamepanda vyeo, na kijiji kilichowapa maji na walinzi hakijui hata walipata nini. Mimi naona kibali kisitolewe mara ya pili kwa mtu ambaye hakurudi kijijini kueleza kwa Kiswahili alichokipata mara ya kwanza. Hayo ni maoni yangu, nimeyasema ofisini na ninayasema hapa.

Maana kijiji ndicho chenye macho. Kule Engare Sero, karibu na ziwa Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizochapwa kwenye majivu yaliyoganda. Nani alizitambua kwanza? Si profesa, bali mkazi wa hapo hapo, aliyezoea kusoma nyayo za ng'ombe na za simba. Akaona hizi ni za watu, akasema. Hakuchonga kipande auze. Alisema tu, na wataalamu wakaja wakiwa na karatasi zao. Sheria inamtaka kila mtu anayegundua kitu kama hicho atoe taarifa, na yule ndugu alifanya hivyo pengine bila kuijua sheria yenyewe.

Nimeahidi habari ya kitu nilichokichukua.

Nilikuwa kijana, mwanafunzi, tumepelekwa Engaruka, wilaya ya Monduli. Mnapajua: kuta za mawe, mashamba ya ngazi, mifereji iliyoleta maji kutoka kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, kazi ya wakulima wa karne ya 15 hadi ya 18. Nilishangaa nikajawa na mapenzi, na kwa mapenzi hayo nikaokota kigae cha chungu chenye nakshi ya mistari, nikakitia mfukoni. Nikakaa nacho miaka mingi kwenye kabati. Nilipoajiriwa na kuielewa kazi, kikaanza kunisuta. Siku moja nikafunga safari, nikampelekea mhifadhi wa zamu pale Engaruka. Kijana mdogo kwangu, mwenye heshima. Akakipokea kwa mikono miwili, akafungua daftari, akashika kalamu, akaniuliza: "Mzee, ulikiokota wapi?"

Nikatazama mlimani. Kuta ni nyingi, zinafanana, hekta kwa hekta. Nikanyosha kidole, nikakishusha. Nikanyosha upande mwingine. Yule kijana alisubiri kwa subira. Mwisho akaandika tarehe, akaandika "kigae kimoja, chenye nakshi," na kwenye safu ya mahali akachora mstari. Akakiweka kwenye boksi lililokuwa na vingine vya namna hiyo hiyo.